Mguu wa Kushoto wa Fanueli Sichone

Mguu ulianza kuvimba siku ya sita ya foleni, na mtu wa mwisho kukubali kwamba umevimba alikuwa mwenye mguu.

Fanueli Sichone alikuwa na miaka hamsini na miwili, ishirini na mitatu kati ya hiyo akiwa ameimalizia nyuma ya usukani wa malori ya Kongo. Safari hii alibeba mbolea ya kupeleka Lubumbashi, na lori lake lilikuwa limesimama mahali ambapo mbuzi mgonjwa angeweza kutembea hadi mpakani kabla ya chai ya saa nne. Nyumbani kwake Mpemba palikuwa kilomita chache tu nyuma, lakini hakwenda kulala kwake. Foleni ya Tunduma haina adabu. Ukiteremka inasogea, ukirudi unamkuta mwenzako amejichomeka mbele yako na anakusalimia kama shemeji yake. Kwa hiyo Fanueli alikaa. Alikula amekaa na akalala amekaa, maana kitanda cha nyuma ya kiti alikuwa amekijaza magunia ya viazi vya Mbebe, biashara yake ndogo ambayo tajiri wa lori hakuambiwa. Maji hakunywa. Anayekunywa maji hutafuta choo, na vyoo vya pale barabarani, Fanueli alisema, hata shetani huvipita amebana pua.

Mke wake, Nesta, ndiye aliyeuona mguu. Alikuwa amemletea ugali na maharage kwenye hotpoti, akapanda ngazi ya lori, akatazama chini ya usukani.

"Vua kiatu," alisema.

"Kimekataa."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Tumekubaliana kila mtu akae alipo."

Nesta hakucheka. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, mwanamke wa maneno machache, na Fanueli alikuwa amejifunza kumwogopa zaidi anapokuwa kimya. Alibonyeza ule mguu kwa kidole juu ya kifundo. Kidole kilipotoka kiliacha shimo, kama kwenye unga wa maandazi uliolala vizuri.

"Baba Angel, mguu mmoja tu ndio uliovimba."

"Basi tushukuru. Ingekuwa miwili ningekosa viatu kabisa."

Lakini jioni ile alimwachia dereva mwenzake funguo, akaburuzwa hadi kwa Barnaba.

Barnaba alikuwa na kliniki ya vyumba viwili mjini Tunduma na mashine moja ya ultrasaundi iliyompa jina. Wanawake wajawazito walitoka hata Isongole kuja kuambiwa wamebeba mtoto gani. Alikuwa akipatia mara moja katika kila mara mbili, kiwango ambacho, kwa maoni ya Fanueli, hata jogoo angekifikia kwa kuchagua punje. Barnaba alimlaza kitandani, akampaka jeli ya baridi nyuma ya goti, akapitisha kile kifaa cha mkononi juu chini, juu chini, kama mtu anayepiga pasi. Kwenye kioo zikatokea rangi.

"Nyekundu inakwenda, bluu inarudi," alisema Barnaba. "Unaona zote zipo. Mishipa yako ni safi kama ya kijana. Hapo ni msuli umechoka."

"Nimekaa siku sita. Msuli umechokaje?"

"Kukaa kunachosha."

Alimpa mafuta ya kuchua, bandeji, na picha iliyochapwa kwenye kijikaratasi chenye kung'aa. Fanueli alirudi kwenye foleni akaizungusha ile picha kwa madereva, akitangaza kwamba Mungu akipenda goti lake litajifungua mtoto wa kiume mwezi wa nne. Watu walicheka sana. Kwa siku tatu alichua mguu asubuhi na jioni, na kwa siku tatu mguu ukaendelea na mipango yake. Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umepita goti ukafika kwenye paja, ngozi imeshiba na kuvutika, rangi ikielekea zambarau. Suruali ilibidi ikatwe kwa kisu cha kumenyea viazi, na Fanueli akabebwa hadi nyumbani, lori akimwachia mwenzake.

Hapo ndipo alipovuka mpaka Aida.

Aida alikuwa dada mkubwa wa Fanueli. Aliolewa Nakonde, upande wa Zambia, miaka thelathini iliyopita, akaotesha huko biashara ya vitenge na dagaa, na hakuna jambo chini ya jua ambalo Aida hakuwa na uhakika nalo. Aliingia nyumbani Mpemba, akamtazama mdogo wake aliyelala mguu juu ya mito, akavuta pumzi.

"Mwebantu," alisema, yaani jamani, maana kwa mambo mazito alitumia Kibemba. "Mashine gani hiyo iliyokwambia huyu ni mzima? Ile ndogo ya kuangalia mimba? Tunakwenda Lusaka. Kuna MRI. Unaingizwa mzima mzima kama mkate kwenye tanuru, na ukitoka hakuna kitu hawajakiona. Jirani yangu waliingia naye kwa sababu ya mgongo, wakamwona hadi jino linalotaka kuoza."

"Na mgongo?"

"Mgongo hawakuupata. Lakini mashine ni kubwa."

"Wifi," alisema Nesta kwa upole, "Lusaka ni basi la siku nzima. Vwawa kuna binti pale hospitali, wenzangu wa kwaya wanasema anajua kusoma miguu. Tuanze naye."

"Kasichana ka Vwawa na mashine ya Lusaka, vipi vinalinganishwa?"

Walibishana juu ya kichwa cha Fanueli kama vile ameshafariki na kilichobaki ni kugawana vyombo. Aida alikuwa na sauti. Nesta alikuwa ameshapiga simu kuita gari. Walikwenda Vwawa, Fanueli amelazwa kiti cha nyuma na mguu ameutoa kidogo dirishani, Aida mbele akimwelekeza dereva barabara ambayo dereva alizaliwa kando yake.

Yule binti aliitwa Lusubilo, Mndali wa Ileje, mwembamba, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayehesabu dawa. Alimwamkia kila mtu shikamoo, akamwomba Fanueli avue ile nusu ya suruali iliyobaki.

"Mwanangu, mke wangu yupo hapa na dada yangu yupo hapa."

"Baba, mimi natazama mshipa tu."

"Hayo ndiyo aliyosema Barnaba, na hata huo mshipa hakuuona."

Lusubilo aliomba ile picha ya Barnaba, akaitazama kwa muda mfupi, akamrudishia. Kisha akaanzia kwenye kinena. Hakupiga pasi. Aliweka kifaa, akatulia, akabonyeza, akaachia. Akashuka upana wa kidole, akabonyeza, akaachia. Alikwenda hivyo paja zima hadi nyuma ya goti na shavu la mguu, na Fanueli, ambaye alikuwa ameandaa mizaha ya kutosha safari nzima, aliishiwa mizaha katikati ya paja kwa sababu ya maumivu.

"Kwa nini unanikanda?"

Lusubilo akageuza kioo kidogo ili wote waone. "Hivi viduara viwili ni mishipa. Huu unaodunda unapeleka damu, huu mwingine unairudisha moyoni. Wa kurudisha ni laini kama mpira wa baiskeli usio na upepo. Nikibonyeza, unalala bapa. Ukiwa na damu iliyoganda ndani haulali, unakataa. Rangi peke yake inaweza kudanganya, damu ikapita pembeni ya bonge nawe ukaona bluu ukafurahi. Kubonyeza ndicho kipimo."

Walitazama. Alibonyeza, kiduara kikalala bapa kama jicho linalokonyeza.

"Umelala," alisema Aida. "Kwa hiyo Barnaba alikuwa sahihi."

"Hapa umelala, mama. Na kila nilipobonyeza umelala." Lusubilo hakuonekana kufurahi. Alirudi kwenye kinena, akawasha rangi. "Baba, vuta pumzi ndefu. Achia. Vuta tena." Alitazama mawimbi yaliyochorwa chini ya kioo. Akafanya vilevile mguu wa kulia, kisha akarudi wa kushoto. "Mguu wa kulia, ukipumua, damu inapanda na kushuka pamoja na pumzi. Wa kushoto hausikii pumzi kabisa. Inatiririka tu moja kwa moja, kama maji nyuma ya bomba lililobanwa. Kuna kitu juu zaidi, ndani ya nyonga."

"Basi tazama juu," alisema Fanueli.

Lusubilo alipandisha kifaa tumboni, chini ya kitovu, akasukuma huku na huku. Kwenye kioo palijaa weupe na vivuli.

"Siwezi. Utumbo umefunika, na umejaa gesi. Mawimbi ya hii mashine hayapiti kwenye gesi. Ulikula nini?"

Nesta akatazama dari.

"Maharage," alisema Fanueli. "Siku tisa. Ananiletea yeye."

Aida alicheka hadi akashika ukuta, kisha akakumbuka kwamba ameshinda. "Nilisema. Mashine ndogo. Imeshindwa na maharage."

"Mama," alisema Lusubilo, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda kidogo, "hii mashine ndogo, kwa paja na goti, ikishikwa vizuri haishindwi kirahisi. Haina mionzi, haimchomi mtu dawa, na naweza kuirudia hata kesho. Nyonga ndiyo mpaka wake, na nawaambia mpaka wake ili msidanganyike. Kwa nyonga tunahitaji CT scan yenye dawa, Mbeya. MRI nayo ingeona, tena bila mionzi. Lakini kumkalisha baba kwenye basi hadi Lusaka ni kumrudisha kwenye jambo lililompa huu ugonjwa."

Aida akafungua mdomo, akaufunga. Fanueli hakuwahi kuliona hilo tangu utoto wao, akatamani pangekuwa na mashine ya kulipiga picha.

Kisha Lusubilo akaanza kuuliza maswali huku akiandika. Amekaa muda gani? Anakunywa maji kiasi gani? Kifua kinauma? Anakohoa damu? Pumzi imewahi kumkata ghafla?

"Kwa nini kifua? Ugonjwa uko mguuni."

"Bonge likikatika, baba, linasafiri na damu hadi kwenye mapafu. Likiziba huko, mtu anaanguka palepale. Anapanda ngazi, anafungua mlango, anaanguka."

Fanueli alinyamaza. Nesta alimgeukia, kwa sababu kunyamaza haikuwa kazi ya mume wake.

Dennis alikuwa rafiki yake wa barabarani kwa miaka kumi na saba. Mwaka uliopita walikaa siku kumi na moja kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na siku ya kumi Dennis akaanza kuchechemea. Fanueli alimtania mbele ya madereva wote kwamba amejigonga kwenye kitanda cha watu. Kesho yake asubuhi Dennis alipanda ngazi ya lori lake, akashika mpini wa mlango, akaanguka chali. Alifika chini ameshakufa. Waliposafirisha mwili kwao Saza, watu hawakuuliza habari za mguu. Walijua tayari. Baba yake mdogo, Rubeni, alikuwa amegombana na Dennis juu ya shimo la dhahabu, basi Rubeni ndiye aliyemroga. Walimvunjia nyumba wakamfukuza. Fanueli alikuwepo msibani, alikula pilau, na alisema yale wenzake waliyoyasema.

"Alikuwa anachechemea," alisema sasa, si kwa Lusubilo wala kwa yeyote.

Daktari alikuja, akasoma alichoandika Lusubilo, na hakutaka kusubiri picha. Fanueli alichomwa tumboni sindano ya kuzuia damu isigande zaidi, akapimwa figo, maana dawa ya CT scan hupitia huko, na kesho yake gari la wagonjwa likampeleka Mbeya, amelala.

Chumba cha CT kilikuwa na baridi, na mashine yake ilifanana na andazi kubwa la shimo lililosimamishwa wima. Fundi wake alikuwa mzee mchangamfu mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Umezaliwa wakati mzuri," alimwambia akimtafutia mshipa mkononi. "Nilipoanza kazi, mtu wa namna yako tulikuwa tunamchoma dawa juu ya unyayo, kwenye mshipa mdogo kabisa wa mguu uleule uliovimba, tunaisukuma ipande, halafu tunampiga eksirei. Ilikuwa picha nzuri sana. Wagonjwa walikuwa wanatutukana kwa lugha zote za mkoa huu."

"Na hii?"

"Hii itakupa joto. Utadhani umejikojolea. Usijali, hujajikojolea."

Fanueli aliona maelezo hayo ni ya watoto. Kisha dawa ikaingia, moto ukamshuka kooni, ukapita kifuani, ukafika chini ya kiuno ukatulia hapo, na Fanueli Sichone, mzee wa familia, dereva wa nchi tatu, akajua bila shaka yoyote kwamba amelowanisha mashine ya serikali. Aliamriwa kwa spika asitikisike. Hakutikisika. Alikuwa anatunga maelezo. Ilipokwisha alipeleka mkono chini polepole akakuta kukavu, akashukuru Mungu kwa dhati ambayo kanisani hakuwahi kuifikia.

Majibu yalitoka alasiri. Bonge lilikuwa palepale Lusubilo aliposema, ndani ya nyonga upande wa kushoto, mahali ambapo mshipa wa kurudisha damu unapita chini ya mshipa mkubwa unaokwenda mguu wa kulia na kubanwa nao. Daktari wa Mbeya alisema watu wengi wamezaliwa na kile kibano bila kujua. Siku tisa za kukaa bila maji zilimalizia kazi. Alimwandikia vidonge vya miezi sita kwa kuanzia, damu ikipimwa mara kwa mara, akamkataza kuchua mguu, na akamwambia akirudi barabarani asimame kila baada ya saa mbili atembee. Viazi vya Mbebe viliozea ndani ya lori. Tajiri alivijua kwa harufu.

Nesta alikwenda mwenyewe kwa Barnaba. Fanueli hakujua walizungumza nini. Aliporudi alisema tu kwamba Barnaba amekiri yeye ni wa mimba, na hata hizo anasoma kwa kubahatisha, na kwamba siku ya Jumanne atakwenda Vwawa kukaa na Lusubilo ajifunze kubonyeza. Aida alirudi Nakonde, na kwa muda wa wiki mbili alisimulia sokoni kwamba yeye ndiye aliyesisitiza mdogo wake apigwe picha kwa mashine kubwa, jambo ambalo, ukilitazama kwa upande mmoja, lilikuwa kweli.

Mwezi wa tatu wa vidonge, mguu umepungua na suruali zinaingia, Fanueli alisafiri hadi Saza. Alishuka garini mara nne kutembea kando ya barabara, abiria wakimtazama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha mwaka jana.

Rubeni alikuwa anaishi kwenye kibanda cha mabati karibu na mashimo ya zamani, peke yake, anaponda mawe ya watu kwa nyundo. Alimsikiliza Fanueli bila kuacha kuponda. Fanueli alieleza yote, kubonyeza, nyonga, mapafu, ngazi ya lori.

"Kwa hiyo ni mguu," alisema Rubeni mwishoni.

"Inawezekana ni mguu. Siwezi kuapa. Hakuna aliyempiga picha."

"Mimi walinipiga bila mashine." Aliweka nyundo chini. "Wakaniona mpaka moyoni."

Fanueli alisema, "Baba, mimi nilikuwepo na nilisema kama wao. Nimekuja kulisema hilo pia."

Mzee akanawa vumbi mikononi, akavaa koti, akasema twende ukawaambie wao, mimi nimeshasikia.

Nyumbani kwa marehemu walimkuta Grace, mjane wa Dennis, na shemeji zake wawili. Walipomwona Rubeni mlangoni, kaka mkubwa wa Dennis alisimama, na Fanueli akaona ni heri aanze kabla ngumi hazijaanza. Alieleza kwa haraka na vibaya, akachanganya mishipa, akasahau jina la dawa. Alipoona hawamwelewi, alivuta suruali juu hadi pajani, mbele ya mjane na kuku wake, akawaonyesha mguu ambao bado ulikuwa mnene kuliko mwenzake, akabonyeza kwa kidole shimo likabaki.

"Dennis alikuwa na hili?" aliuliza kaka mkubwa.

"Alikuwa anachechemea na mimi nilimcheka. Ndani ya buti sikuona."

Grace ndiye aliyejibu. "Alinipigia simu siku ile. Alisema mguu umekuwa mzito kama wa mtu mwingine. Mguu wa kushoto." Alisema taratibu, akiwa anaikumbuka simu yenyewe. "Niliwaambia msibani. Mkasema hiyo ndiyo dalili ya kurogwa."

Kaka mkubwa alitoka nje, na hakurudi siku ile. Yule mdogo alibaki anatazama sakafu. Grace aliinuka, akaleta jagi na beseni, akaanza kumnawisha Rubeni mikono kwanza, kisha Fanueli, kwa sababu chakula kilikuwa tayari na watu walikuwa wamekuja kutoka mbali.